Kipande cha Pafu la Mwalimu

Mwalimu hakupenda kuambiwa pole. Ukimwambia pole kwenye ngazi, alisimama, akaweka mfuko wake chini, akakuuliza, "Pole ya nini hasa?" Ukishindwa kujibu alikuambia uirudishe mfukoni mpaka utakapojua. Kwa hiyo sitaandika haya kwa upole. Nina hasira nyingi, nyingine ni juu yangu mwenyewe, na sioni sababu ya kuzipaka sukari ninapomzungumzia mtu ambaye hakuficha zake hata mbele ya padri.

Aliishi juu yangu, orofa ya nne, hapa Tassia, Embakasi, jijini Nairobi, kwa miaka kumi na moja. Kabla ya hapo alikuwa amenifundisha kemia katika shule moja ya kutwa huku huku Eastlands. Sikuwa mwanafunzi mzuri. Nilikuja kuuza mapazia ya mtumba soko la Gikomba, na siku tuliyokutana tena kwenye mlango wa ploti, hili jengo letu la kupanga, mimi nimebeba mzigo begani na yeye amebeba mtungi wa gesi, alinitazama kidogo akasema, "Wewe ulikuwa unaandika oksijeni kwa herufi ndogo." Hakuniuliza habari za miaka yote ile katikati. Nikampokea mtungi, tukapanda.

Mkewe alikuwa ametangulia na watoto wake wako mbali na kazi zao. Nilimpikia mara kwa mara, akanitengenezea redio, nikamfulia mapazia, akamfundisha Mueni wangu hesabu hadi akachukia hesabu kabisa. Aliniita Mama Mueni. Nilimwita Mwalimu, kama kila mtu, hata wale ambao hajawahi kuwafundisha chochote.

Alikuwa na ugomvi na kila karatasi iliyobandikwa getini. Kea-teka, yule msimamizi wa jengo, akibandika "Maji yatakuja kesho," kufika jioni utaona chini yake mwandiko wa chaki: "Kesho ya tarehe ngapi?" Vijana wa pale chini wakimpigia kelele, "Mwalimu, niaje!" alijibu, "Hiyo ni salamu ya mtu anayekimbizwa. Rudieni." Wakarudia wote kwa sauti ya darasa, "Habari ya asubuhi, Mwalimu," huku wakicheka, na yeye akawajibu, "Poa sana," akapita. Walimpenda. Alipougua ndio waliombebea maji hadi juu, na hakuna aliyewatuma.

Mwaka wake wa mwisho alitaka kitu kimoja tu, nakisema mapema ili kieleweke. Alikuwa na saratani ya mapafu. Ilikuwa imetibiwa kwa dawa za mishipani na kwa mionzi, ikanywea, kisha ikarudi ikiwa sugu, yaani zile dawa haziisumbui tena. Daktari wake akamwambia kuna jaribio linaandikisha wagonjwa wachache, jaribio la kuunganisha tiba tatu kwa mpigo: chembe nano, mionzi, na tiba ya kinga. Mwalimu akaamua ataingia humo. Na mimi nilikuwa mmoja wa waliomchelewesha, kisha nikamdanganya kuhusu jambo hilo kwa zaidi ya mwaka.

Lakini kwanza nizungumzie kikohozi, maana hapo ndipo nyongo yangu inapoanza kupanda.

Hapa kwetu kikohozi kina jina moja. Ukikohoa wiki mbili wewe ni wa TB, na jirani ataanza kufungua madirisha ukiingia kwake. Mwalimu alipimwa makohozi mara mbili, hawakuona kitu. Kliniki ikampa dawa za TB hata hivyo, miezi sita, kwa sababu picha ya eksirei ilikuwa na doa na kwa sababu anakaa Embakasi. Akazimeza zote. Alikuwa na kalenda ya kampuni ya saruji ukutani na kila siku aliweka alama. Mkojo wake ukageuka rangi ya machungwa akaniambia kwa fahari kwamba hiyo ni ishara ya dawa kufanya kazi. Miezi sita ikaisha, kikohozi kiko pale pale, wakamwanzishia tena dawa zile zile kutoka mwanzo.

Nilimuuliza siku moja, "Lakini Mwalimu, kama hawajaona mdudu, wanatibu nini?"

"Wewe umesomea udaktari wapi?" akanijibu.

Ndivyo alivyokuwa. Mtu aliyemsimamisha padri katikati ya mahubiri kumrekebisha umri wa nyota, mtu aliyemrudisha fundi wa stima mara tatu kwa ajili ya waya mmoja, alipokutana na koti jeupe alikunja mikono kama mtoto wa darasa la kwanza. Nilimkasirikia kwa hilo akiwa hai na namkasirikia mpaka leo. Alikuwa na akili ya kuuliza swali moja tu lililohitajika, na hakuliuliza mpaka siku aliyokohoa damu kwenye taulo.

Hospitali kubwa wakampiga skani, wakaona uvimbe. Kuanzia siku hiyo kila mtu alikuwa na swali lile lile. Daktari aliuliza, nesi akauliza, mama wa kanisa aliyeleta ndizi akauliza, tena kwa sauti ya chini: "Kwani ulikuwa unavuta?" Hakuwahi kuvuta sigara hata moja. Mwanzoni alijibu kwa adabu. Baadaye alijibu, "Na kama ningekuwa navuta, ingekuwa sawa?" Yule mama wa ndizi hakurudi, na Mwalimu alisema heri, ndizi zenyewe zilikuwa mbichi.

Sasa ile Ijumaa.

Walimtoa kipande cha pafu kwa sindano ndefu ili kipimwe. Mimi ndiye niliyempeleka, nikakaa kwenye benchi nje ya mlango. Kama saa nane mchana mlango ukafunguliwa, nesi akatoa mkono akanipa chupa ndogo iliyofungwa ndani ya glavu.

"Wewe ndiye mtu wa mzee? Peleka hii maabara ya mjini. Ya hapa imeharibika mashine."

"Niipeleke hivi hivi?"

"Hivi hivi. Chunga isimwagike."

Hayo ndiyo maagizo yote niliyopewa. Mlango ukafungwa. Nilivuka jiji na kipande cha pafu la Mwalimu ndani ya mkoba, kati ya pochi na leso. Ukiishi hapa wala hushangai. Ndugu ndiye anayesukuma kitanda, ndugu ndiye anayekimbia kutafuta damu, ndugu ndiye anayebeba nyama. Nilifika maabara nikakuta askari anafunga mlango wa chuma, akaniambia wamefunga mapema, nirudi Jumatatu.

Nikafikiria nikiwa nimesimama pale kwenye lami. Hii ni nyama. Leo ni Ijumaa, na nyumba yangu inapigwa na jua mpaka jioni. Sisi watu wa Tassia tunajua jambo moja kuhusu nyama, kwamba ikikaa nje inaoza. Sina friji. Kwa hiyo nilienda kwa mwenye bucha pale chini ya ploti yetu, ambaye tunasali naye, nikamwomba aniwekee kwa friza yake.

"Mama Mueni, hii ni nini sasa?"

"Ni dawa ya Mwalimu. Inataka baridi."

"Sawa, lakini isinimwagikie kwa matumbo." Akaiweka nyuma kabisa, kwenye pembe.

Jumatatu ile chupa ilikuwa imekuwa jiwe. Niliibeba hivyo hivyo, nimefurahi kabisa, nikidhani nimefanya kazi safi. Kijana wa maabara aliishika, akaigeuza kwenye mwanga, akanitazama.

"Nani aliweka hii kwa friza?"

"Kwani kuna shida?"

"Barafu imepasua kila kitu ndani. Haisomeki. Na kwanza inafaa kuwa kwa dawa ya kuhifadhi, hii ni maji ya chumvi tu. Nani aliiweka kwa friza?"

Nikasema, "Sijui. Nilipewa hivyo."

Ulitoka mdomoni wenyewe, ule uongo. Nikarudi nyumbani, nikapanda mpaka orofa ya nne, Mwalimu akiwa ameketi kitandani na plasta kifuani, nikamwambia maabara wameharibu kipimo. Nikasema "wameharibu." Akauliza kama nimekula.

Ikabidi atobolewe tena. Mara hiyo ya pili pafu likatoboka, likasinyaa, akalazwa na bomba ubavuni wiki tatu, na matibabu hayakuweza kuanza mpaka apone hilo kwanza. Ukijumlisha na ile miezi ya dawa za TB, ni karibu mwaka na nusu uvimbe ukijilia raha zake. Nilimuuliza daktari baadaye, kwa kuzungukazunguka, kama zile wiki zilikuwa na maana. Akasema hakuna anayeweza kujua. Ningependa angesema ndiyo au hapana. Nimebaki na hilo "hakuna anayeweza kujua" na halinipi usingizi wala halinipi adhabu.

Alipotoka wodini alianza kuandika barua kwa hospitali. Aliziandika kwenye fulskepu, mistari imenyooka, akatia kwenye bahasha akagundisha, na akanipa mimi nizipeleke kwa mkono kwa sababu njia yangu ya Gikomba inapita karibu. Barua tatu kwa mwaka mzima. Kila nilipoikabidhi moja dirishani niliondoka haraka kabla hawajaifungua. Nilikuwa na hakika anawalaumu watu wa maabara kwa kosa langu, na kwamba siku moja watajibu, na jibu litakuwa na neno friza. Hawakujibu hata moja. Nilishukuru, na nilijichukia kwa kushukuru.

Lakini msidhani alikuwa mtu wa manung'uniko tu. Aliposikia habari za lile jaribio alipata uhai kama mtu aliyepewa darasa jipya. Alisoma kila kitu kwenye simu, miwani imeshuka puani, kisha akashuka kutufundisha. Maji ya ploti yetu hutoka Jumatano na Jumamosi, na hapo wanawake hupanga mitungi chini kwenye bomba, wengine wakifua. Mwalimu aligeuza mtungi mtupu, akaukalia, akachora mduara wa chaki ukutani karibu na mita za stima.

"Huu ni uvimbe wangu," akasema. "Umeshapigwa dawa ukazoea. Mnawajua kunguni wa hapa? Mwaka wa kwanza unapuliza wanakufa. Mwaka wa tatu unapuliza wanakutazama."

Wakacheka. Mwenye bucha alikuwa amesimama mlangoni kwake na kisu mkononi, anasikiliza pia.

"Sasa wanachukua chembe za chuma kizito. Ndogo, ukipanga elfu moja kwa mstari hazivuki unene wa unywele. Wanazidunga humu ndani ya uvimbe kwa sindano. Halafu wanapiga mionzi. Mama Mueni, ukiwa unakaanga samaki tone la maji likianguka kwa mafuta, inakuwaje?"

"Mafuta yanaruka, Mwalimu."

"Moto umeongezwa?"

"Hapana. Ni ule ule."

"Ni ule ule! Lakini pale tone lilipo, kunalipuka. Chembe ndizo tone. Mionzi ni ile ile, lakini pale zilipo chembe inauma zaidi, na nyama nzima iliyo kando haiungui sana. Sawa. Uvimbe umepasuka. Bado kuna shida. Saratani ina ujanja wa kuvaa yunifomu. Askari wa mwili wanaipigia saluti wakidhani ni mfanyakazi mwenzao."

"Kama wale wezi wa mita wanaovaa kama watu wa stima," akasema mwanamke mmoja.

"Kama hao hao. Tiba ya kinga inaivua yunifomu. Na ule uvimbe uliopasuka umemwaga vitambulisho vyake chini, kwa hiyo askari wameshaijua sura, hata ikijificha mahali pengine mwilini wataitafuta. Mambo matatu. Moja peke yake limeshindwa kwangu. Yote matatu, hawajui bado. Ndiyo maana linaitwa jaribio."

"Na utapona, Mwalimu?"

"Nimesema hawajui. Unanisikiliza au unafua?"

Hakutaka tuseme atapona. Alitaka tuelewe. Nilikaa pale na mtungi wangu umeshajaa unamwagika, nikafikiri kwamba kama angetufundisha hivyo darasani, pengine nisingekuwa nauza mapazia. Halafu nikakumbuka kwamba alitufundisha hivyo hivyo. Mimi ndiye sikusikiliza.

Huyo huyo mtu wa ushahidi, siku moja nikifagia kwake nikakuta chini ya sinki kopo la kahawa lililojaa unga wa kijani. Nikanusa. Mbegu za parachichi zilizosagwa, zimechanganywa na majani gani sijui, za yule mganga wa tiba asili mwenye spika kubwa sokoni, ambaye Mwalimu alikuwa akimwita mwizi mbele ya wateja wake. Nikaliweka kopo mezani. Aliangalia kopo, akaniangalia.

"Ni kijiko kimoja tu asubuhi," akasema.

"Na ushahidi wake uko wapi?"

"Mama Mueni, toka kwangu."

Nikatoka nikicheka mpaka nikakaa kwenye ngazi, na huko kwenye ngazi kicheko kikageuka kuwa kilio. Alikuwa anaogopa. Sikuwahi kufikiri kwamba Mwalimu anaweza kuogopa kitu.

Sharti la kuingia kwenye jaribio lilikuwa kwamba mgonjwa awe bado anajiweza: anatembea, anaoga mwenyewe, hashindi kitandani zaidi ya nusu ya siku. Kwa hiyo alianza mazoezi. Kila asubuhi saa moja nilimsikia akishuka, anasimama kwenye mlango wangu kuvuta pumzi, anaendelea hadi chini, kisha anapanda. Mwanzo alitumia dakika sita. Halafu kumi. Halafu alianza kusimama kwenye kila ngazi ya tatu. Nilimwachia kiti nje ya mlango wangu, akakirudisha ndani na kusema wanaohitaji kiti hawachaguliwi. Wakati huo faili lake lilikuwa limekaa kwenye meza fulani likisubiri saini ya mtu aliyekuwa likizo. Wiki saba. Sijui ni meza ya nani wala sitaki kujua, maana sijui ningefanya nini nikimjua. Mtu anapanda ngazi akitema mate yenye damu ili abaki na afya ya kutosha kutibiwa, na karatasi yake iko chini ya kikombe cha chai cha mtu.

Jibu lilikuja kwa ujumbe wa simu, alasiri ya Jumapili. Nilikuwa nimempelekea uji. Alikuwa ameketi kitandani, mgongo kwenye ukuta, mito miwili chini ya mikono ili kifua kipate nafasi. Alikuwa amekonda hata saa ya mkononi ilikuwa imepanda karibu na kiwiko. Akanipa simu.

Ujumbe ulikuwa mfupi. Walimshukuru kwa kujitolea. Walisema vipimo vya mwisho vinaonyesha hali yake ya sasa haimruhusu kuingizwa, na kwamba angeweza kufaa kama angefika mapema. Walimtakia kila la heri.

Nilisoma mara mbili. Pale kwenye "mapema" nikashindwa.

"Mwalimu," nikasema, "ile chupa. Si maabara walioharibu. Ni mimi. Nilikuta wamefunga, nikaiweka kwa friza ya bucha."

"Najua."

"Unajua vipi?"

"Mwenye bucha aliniuliza wiki ile ile kama dawa yangu iliyokuwa inataka baridi imenisaidia." Alitua kuvuta pumzi. "Nikajua."

"Na zile barua? Mwaka mzima umewaandikia watu wasio na kosa?"

Akaonyesha kwa kidole chini ya godoro. Kulikuwa na nakala, zote tatu. Nikasoma moja. Hakukuwa na mahali alipomlaumu mtu wa maabara. Kulikuwa na maswali manne tu, yamepewa namba: kwa nini kipimo cha mgonjwa kinabebwa na jirani, kwa nini chupa haikuwa na dawa ya kuhifadhi, kwa nini hakuna maandishi juu yake, na ni nani aliyemweleza aliyebeba namna ya kukitunza. Barua ya pili ilikuwa na maswali yale yale. Ya tatu pia, ila mwandiko ulikuwa umeanza kupinda.

"Wakupe nyama ya mtu mkononi wasikuambie neno," akasema, na sauti yake ilikuwa na ukali wote wa zamani, ila bila pumzi ya kuisukuma. "Wewe ungejuaje? Ile ya friza nilikusamehe siku ile ile."

Nikaanza kulia.

"Sijamaliza. Uliingia kwa mlango ule ukanidanganya. Ukaendelea. Kila siku unaniletea uji na huo uongo. Nilikuwa nangoja useme. Nimengoja mwaka na zaidi, Mama Mueni, na umesema leo kwa sababu haisaidii tena."

"Nisamehe, Mwalimu."

"Hilo sijakusamehe," akasema. "Na usilie, maana ukilia itabidi nikubembeleze, na pumzi sina."

Nikafuta uso kwa leso. Nikamshikia kikombe akanywa uji, kidogo kidogo, mpaka nusu, kisha akageuza uso dirishani kuonyesha inatosha. Kesho yake alilazwa, na Alhamisi iliyofuata akafariki akiwa wodini. Nilikuwa nimeenda kumwona siku zote tatu za katikati, na kuhusu jambo lile hakuongeza neno.